Chumba cha Nne Juu ya Mwamba

Nakumbuka Jumapili moja, nikiwa kijana wa miaka ishirini na sita, niliwapandisha wadogo zangu watatu hadi kwenye kiwanja chetu kilimani Kirumba, Mwanza. Nilichukua kipande cha mkaa, nikachora mistari juu ya mwamba niliokuwa nimeusawazisha kwa nyundo. Nilichora vyumba vinne, kisha nikawaambia kila mmoja asimame chumbani kwake. Limi, kitinda mimba wetu, alikimbilia chumba cha upande wa ziwa akalala chali kabisa, akasema hapa ndipo kitanda kitakapokaa. Doto alisimama katika chake, mikono mfukoni. Kulwa, pacha wake, hakusimama popote. Alibaki nje ya mstari, viatu vyake vya kanisani mkononi, macho yake chini mjini.

Huyo Kulwa ndiye mama yako, mwanangu. Nakuandikia habari hii kwa sababu ya swali uliloniuliza kwa simu wiki iliyopita. Ulisema umepata kazi ya kompyuta, mwajiri wako yuko mbali na hajali unakaa wapi, mradi kazi imfikie. Ulisema mshahara unatosha, na kwamba kwa mara ya kwanza katika ukoo wetu kuna mtu anayeweza kukaa popote apendapo. Ukanitajia Dar es Salaam, Arusha na Kigali, ukarudi Mwanza ukazitaja zile nyumba za Capri Point zenye vioo vinavyotazama ziwa. "Mjomba," ukasema, "hela siyo tatizo. Nikae wapi?" Nikakujibu kwamba nitafikiri.

Nimeshafikiri. Sitakutajia mtaa. Nitakueleza kosa langu, wewe uchague. Ukimaliza, wape na wenzako wasome, maana naona siku hizi vijana wengi mna swali hilo, hata wale ambao hela bado ni tatizo.

Baba yetu alifariki nikiwa darasa la saba. Mama alimfuata kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari, na sare ilikuwa imeshashonwa. Siku ya kumaliza msiba ndugu wa baba walikaa wakatugawa. Kulwa aende Magu akasaidie kulea watoto, Doto aende Geita akachunge ng'ombe, Limi aliyekuwa na miaka mitatu apelekwe kwa bibi mmoja Sengerema, na mimi niende na yeyote atakayenihitaji. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na wa kwake wa kulisha. Lakini siku mbili kabla ya kukata roho, mama alikuwa amenishika mkono akaniambia, "Maduhu, wasitawanyike." Basi nilisimama mbele ya wazee wale, mtoto wa miaka kumi na mitano, nikasema hawaendi popote. Mmoja akaniuliza kama nitawalisha mawe. Watu wakacheka.

Alisema kwa kejeli, lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliwalisha kwa mawe.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ngassa, mpasua mawe wa pale kilimani, mtu mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Wewe umekulia Bukoba kwenye udongo na migomba, pengine hujui mawe ya Mwanza yanavyopasuliwa. Jiwe kubwa kama lori huliwezi kwa nyundo peke yake. Unapanga magogo na matairi chakavu pembeni yake, unawasha, unauacha moto ulitafune taratibu tangu asubuhi. Jiwe likishapata joto huanza kulia, mlio mdogo kama wa chungu kinachotaka kupasuka. Hapo unapiga, nalo linaachia vipande. Vikubwa vinakuwa mawe ya msingi, vidogo wanawake wanavigonga kuwa kokoto. Lakini kabla hajanipa nyundo, Mzee Ngassa alinifundisha kulizunguka jiwe mara tatu, niangalie limelalia nini na nini kimelilalia. Kule kwetu mawe yamebebana. Ukivunja la chini bila kuuliza, la juu litashuka lenyewe.

Nilishika kazi hiyo, tukapanga chumba kimoja bondeni, sisi wanne. Siku za Jumapili, tukitoka kanisani, tulipanda juu ya mlima kwa sababu kule hakuna kiingilio. Kutoka pale unaiona Mwanza nzima: uwanja wa mpira, Mwaloni na samaki wake, meli bandarini, nyumba za matajiri kando ya maji. Tulikuwa na mchezo wetu. Mmoja anasema, "Kama hela siyo tatizo," na kila mtu anachagua pa kukaa. Limi alichagua nyumba yoyote yenye ghorofa, ili awatemee watu mbegu za machungwa kichwani. Doto alisema yeye atakaa ndani ya meli na hatalipa kodi, kwa sababu mwenye nyumba hatajua leo amelala wapi. Mama yako alikuwa akinyoosha kidole ng'ambo, mahali ambapo maji yanaungana na mbingu, akisema, "Mimi huko." Tukimuuliza huko wapi, anasema huko ambako hakuna mtu wa kumwita Kulwa wa mawe. Ndivyo walivyomwita shuleni, kwa sababu ya vumbi langu.

Na mimi wakiniuliza, jibu langu lilikuwa lilelile kila Jumapili: hapa hapa, sote wanne, kila mtu na chumba chake. Walinicheka wakasema kaka hajui kucheza. Nilicheka nao. Lakini wao walikuwa wanacheza, mimi nilikuwa napanga.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa na kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyekitaka, kwa kuwa chote kilikuwa mwamba. Nikakichukua. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nilitumia miaka mitatu kukisawazisha, nikitoka kuvunja mawe ya watu navunja yangu. Sikumuuliza yeyote kama anataka kukaa pale. Ningeulizaje? Nilikuwa nimewalea. Nilijua nani hali dagaa na nani anaota ndoto mbaya. Niliamini najua na pa kuwalaza mpaka wazeeke.

Basi turudi ile Jumapili. Nilimwambia mama yako aingie chumbani kwake. Akasema, taratibu, "Kaka, mimi chumba changu kiko Bukoba."

Ndipo nikayajua mambo ambayo mtaa mzima ulikuwa unayajua. Kulikuwa na mwalimu wa shule moja ya Pasiansi, Mhaya, Mlutheri, kijana mpole. Huyo ndiye baba yako. Alikuwa amehamishiwa kwao, na Jumamosi iliyofuata washenga wake walitaka kuja kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesimama mahali pa baba. Doto naye, alipoona pacha wake ameshafungua mdomo, akasema amepata kazi ya kufunga kamba melini na anaanza mwezi ujao. Limi alinyanyuka pale alipolala akajipangusa mkaa.

Nilisema washenga wasije. Nilisema kama mwalimu anamtaka, atafute kazi Mwanza aje kukaa hapa, chumba kipo. Mama yako akajibu kwamba mwanamume hawezi kuja kukaa kwenye mwamba wa shemeji yake. Alisema kweli, na kweli ile ilinichoma, nikatafuta neno la kumchoma naye. Nikasema, "Niliacha shule kwa ajili yako."

Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki.  Mama yako alipiga magoti pale kwenye mkaa, akasema "Shikamoo, kaka," kama mtu anayemsalimu mzee wa ugenini, akavaa viatu vyake akashuka. Siku ile hakulala nyumbani. Alikwenda kwa rafiki yake Pasiansi.

Mtu mwingine angelala juu ya jambo hilo akaamka na busara. Mimi niliamka na magogo. Chumba chake kilikuwa kile cha pembeni, upande wa njia, nacho kilikuwa bado hakijakaa sawa kwa sababu jiwe moja jeusi lilikuwa limejitokeza ndani yake. Jumatatu asubuhi nilipanga kuni na matairi, nikawasha. Nilijiambia kwamba chumba kikikamilika, akiona kuta zinapanda, atarudi.

Mzee Ngassa alikuwa ameshaacha kazi wakati huo kwa sababu ya kifua. Alikuwa amekaa mlangoni kwake chini akaona moshi unatokea pasipostahili. Akapanda na fimbo yake, akikohoa njia nzima. Alipofika hakunisalimu, na shikamoo yangu hakuiitikia. Alilizunguka lile jiwe mara moja tu, akaniambia, "Toa moto."

Nikanyanyua ndoo. Akanipiga fimbo ya mkono. "Maji? Unataka kulipasua sasa hivi?"

Hilo hata mwanafunzi wa wiki moja analijua, kwamba jiwe la moto halimwagiwi maji. Nilikuwa na miaka kumi na moja kazini, nikalisahau. Tulitoa kuni moja moja kwa mtaimbo. Ndipo nilipotazama juu na kuona nilichopaswa kukiona kabla ya kuwasha kiberiti: lile jiwe jeusi lilikuwa limebeba jiwe jingine, kubwa kuliko nyumba, na chini ya hilo kubwa, hatua kama thelathini kuteremka, ilikuwa nyumba ya Mama Sado, mjane muuza vitumbua, na watoto wake watatu.

Nilishuka kumgongea. Nilimwomba atoke na watoto mpaka jiwe lipoe. Akatazama juu, akanitazama mimi, akabeba beseni lake la vitumbua. "Baba," akasema, "ungebisha hodi tu. Hakukuwa na haja ya kuniletea mlima mlangoni." Alikaa kwa jirani siku nzima, na kila aliyepita aliuziwa kitumbua pamoja na habari zangu.

Jiwe lililopata moto halipoi upesi. Mimi na Mzee Ngassa tulikaa pale tangu asubuhi mpaka jua la alasiri, masikio yetu kwenye jiwe, tukisikiliza kama litalia. Lililia mara mbili. Kila mara nilisimama, naye akaniambia nikae, kwani kusimama kwangu hakulizuii. Katikati ya kusubiri huko ndipo aliponiuliza ule mchezo wetu. Limi alikuwa amemsimulia.

"Kama hela siyo tatizo," akasema, "ungekaa wapi?"

Nikamwambia hapa. Akaniuliza kwa nini. Nikasema shule ya Limi iko karibu, Kulwa angepata genge pale njiani, na Doto hawezi kukaa mbali na maji.

"Hiyo ni ya Limi, na ya Kulwa, na ya Doto. Nimekuuliza wewe."

 Ningeweza kukuambia kila mtu wa nyumba yangu anataka kulala upande gani wa kitanda, lakini la kwangu sikuwa nalo. Nikamjibu kwamba mama aliniambia wasitawanyike.

Mzee Ngassa alichora chini kwa fimbo. Kisha akasema maneno ambayo nayarudia kwako kama yalivyotoka, kwa kuwa sijawahi kusikia mengine yaliyonifaa zaidi. "Mama yako aliwaogopa wale waliokuja kugawa watoto kama mbuzi. Uliwazuia, ukafanya vizuri. Lakini kuna kutawanywa na kuna kwenda. Anayetawanywa hachagui, wala hajui njia ya kurudi. Kulwa anakwenda. Ukimzuia, wewe ndiye utakayemtawanya." Akaligusa jiwe. "Umekuwa mpasua mawe mzuri. Leo ulikuwa unahesabu vyumba, hukuliona jiwe."

Lilipopoa tulilifunga kwa mawe madogo na saruji chini yake, na Mama Sado akarudi nyumbani kwake. Sikuligusa tena. Alhamisi nilikwenda Pasiansi. Nilimkuta mama yako anafua. Nikamwambia awaambie washenga waje. Akaniuliza, "Na chumba?" Nikasema chumba cha nne hakipo. Akadhani nimemfukuza, ikabidi nimweleze habari ya moto na jiwe na Mama Sado na beseni lake, na nilipofika kwenye ule mlima mlangoni alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamwomba msamaha kwa lile neno. Akasema yameisha.

Hayakuisha. Nakuambia hili ili usidhani msamaha ni kifutio. Washenga walikuja, ndoa ikafungwa, nikapanda meli mpaka Bukoba nikakaribishwa na wazee wa baba yako, wakanipa buni za kutafuna kama desturi yao, nikaona mama yako amefika mahali pa heshima. Lakini miaka mingi baadaye, wewe ukiwa tayari unasoma, mama yako aliniambia jambo tukiwa tumekaa wawili. Alisema kila alipohamia nyumba mpya na baba yako, jambo la kwanza alilojiuliza mlangoni ni kama nyumba ile inastahili shule yangu niliyoiacha. Kila nyumba. Hata ile nzuri aliyozalia watoto. Mwanangu, neno moja nililolisema kwa hasira lilimtangulia kuingia katika kila nyumba aliyoishi.

Nilijenga vyumba vitatu. Doto alikwenda melini, akaoa Ukerewe, na kule ndiko alikotulia. Limi aliolewa akarudi na mumewe kwenye ile nyumba ya mwambani kwa hiari yake mwenyewe, na bado yuko pale. Anasema hawezi kulala mahali ambapo haoni taa za mjini. Nami, siku Limi aliponiambia, "Kaka, sasa wewe," nilianza kulitafuta jibu langu. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Doto alinisaidia kupanga nyumba Pasiansi, karibu na ziwa, safi, yenye maji ndani. Ilikuwa nyumba nzuri na sikuipenda. Nyumba njema si mlango. Nilikaa misimu miwili ya mvua nikijilaumu kwamba sina shukrani. Kisha siku moja nilikwenda kijijini Kayenze kwenye mazishi, na wakati wa kuchimba kaburi nikapokea jembe, nikapiga, likazama mpaka kwenye mpini. Nilisimama nikilitazama kama mjinga. Tangu utoto, kila chuma nilichokiinua kilirudishwa na mwamba. Hapo nikajua. Nilitaka mahali ambapo jembe linaingia. Hilo tu. Wala halikuhitaji utajiri, lilihitaji mtu aniulize, nami nijibu bila kutaja jina la mtu mwingine. Ndiyo maana unanikuta huku Kayenze na viazi vyangu, wala mimi si mzee aliyekimbia mji kama majirani wanavyosema.

Sasa nasaha zangu, na uzichukue kwa kadiri zinavyokufaa.

Hela ikiacha kuwa tatizo, mwanangu, bado hujajua pa kukaa. Umeondolewa kisingizio tu. Maskini anaweza kusema nimekaa hapa kwa sababu sina uwezo, akalala. Wewe utakayechagua huna wa kumsingizia, kwa hiyo jiulize kwanza unamchagulia nani. Ukikuta kila sababu yako ina jina la mtu, kwamba mama atafurahi, kwamba rafiki zako wako huko, kwamba picha zitapendeza, rudi nyuma uanze tena. Si vibaya kuwafikiria watu. Mimi niliwafikiria watu maisha yangu yote na sijutii. Ubaya ni kuwafikiria mpaka wewe mwenyewe usiwemo.

Usipachukie mahali ulipotoka ili upapende unakokwenda. Mama yako alikimbia vumbi la mawe, na leo anaweka kipande cha jiwe la Kirumba juu ya kabati. Mwulize, atakuambia ni cha kuzuia mlango.

Nenda ukapaone kabla ya kuhamia, na usiende siku ya sikukuu. Nenda mvua inaponyesha, siku ya kazi, ukanyage tope lake. Zunguka mara tatu uone pamelalia nini na nini kimepalalia, nani anakaa chini yako, na nani ataumia ukianza kuvunja ili upate nafasi. Mahali panapokutaka uvunje kila kitu ndipo uingie, hapo si pako, hata kama una nyundo.

Na siku utakapokuwa na nyumba, ukawalaza wengine ndani yake, wadogo zako au watoto wako, usiwaambie kamwe walikugharimu nini. Watakaa, lakini hawatapumzika. Wakitaka kwenda, wafungashie chakula cha njiani, uwaulize watafika saa ngapi.

Mungu akupe mahali ambapo mwili wako utatulia kabla akili haijapata sababu. Akupe majirani watakaogonga wakikuona kimya, na kicheko cha kuwajibu. Akupe kuagwa vizuri huko utokako na kupokewa vizuri huko uendako, na baraka ya mama yetu, ambaye hukumwona, ikutangulie mlangoni badala ya neno langu.

Ukishahamia, usinitumie picha za sebule. Nipigie asubuhi ya kwanza, uniambie umelalaje.